Bobari ya kukereza na jiwe la kuinoa: tathmini ya vifaa vinavyopaswa kununuliwa pamoja

Bobari ya kukereza, yaani patasi yenye mfereji (mfuo) inayochonga mti unaozungushwa na mashine iitwayo kerezo, huuzwa kama kifaa kilichokamilika: mpini umepigwa vanishi, chuma kinang'aa, na ncha imefunikwa kwa kifuniko cha plastiki. Ukweli ni kwamba kiwanda humpa mnunuzi umbo tu, na makali anapaswa kujitengenezea mwenyewe, siku ya kwanza na kila siku ya kazi itakayofuata. Kwa sababu hiyo tathmini hii haitenganishi bobari na jiwe lake, na hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea kusoma: bobari moja ya chuma cha daraja la kawaida, ikinolewa kwa kishikizo kinachorudia pembe ileile kila mara, hukata safi kuliko bobari tatu za chuma ghali zinazonolewa kwa kukisia. Anayegawa bajeti yake aanze na vifaa vya kunolea, na kinachobaki ndicho anunulie bobari.

Aina zinazohusika ni tatu. Bobari ya kuondolea kona ni pana, mfuo wake uko wazi, na ncha yake imesagwa wima bila mabawa, yaani pande za makali zinazorudi nyuma. Kazi yake ni kuugeuza mti wa pembe nne kuwa wa mviringo. Bobari ya nguzo ina mfuo usio na kina kirefu na ncha iliyochongoka kama ukucha, nayo ni ya miguu ya meza, vizuizi vya ngazi, mipini, na kila kazi ambayo nyuzi za mti zimelala sambamba na mhimili wa kerezo. Bobari ya bakuli hutengenezwa kwa fito nene ya mviringo iliyochimbwa mfuo mrefu wenye kina, ili chuma cha kutosha kibaki chini ya mfuo na kuhimili nguvu za kukata mbali na egemeo, yaani kibao cha chuma ambacho bobari huegemezwa juu yake wakati wa kukata.

Hapa pana onyo ambalo kila muuzaji angepaswa kulibandika juu ya rafu. Bobari ya kuondolea kona haitumiki kwenye bakuli kamwe. Nyingi kati yake zimefuliwa kutoka bamba la chuma na huingia katika mpini kwa msuka (mkia wa chuma) mwembamba, wakati chuma kilichoko nje ya mpini ni kipana na kizito. Gogo la bakuli hufungwa nyuzi zikiwa zimekingama, hivyo katika kila mzunguko makali hukutana mara mbili na vichwa vya nyuzi, na makali mapana yakinasa hapo nguvu yote huhamia kwenye msuka, ambao unaweza kuvunjika hapo hapo kwenye noleo, ile pete ya chuma ya mdomo wa mpini, huku mti ukiendelea kuzunguka. Ndiyo maana siyapendi maboksi yanayouza bobari hizi tatu pamoja na patasi nyingine bila maelezo yoyote: yanamfanya mnunuzi mpya aamini kuwa zote ni za kazi moja, zikitofautiana ukubwa tu. Boksi la namna hiyo humwachia pia vifaa viwili au vitatu ambavyo hatavigusa, ilhali bobari ya bakuli, ambayo ndiyo itakayofanya kazi nyingi zaidi, kwa kawaida huwa ndogo mno ndani ya boksi hilo.

Tukija kwenye ukubwa, mnunuzi anayeagiza kutoka nchi za nje ajihadhari na vipimo viwili visivyolingana. Watengenezaji wa Uingereza wamezoea kutaja upana wa mfuo, na wale wa Marekani hutaja kipenyo cha fito yenyewe, hivyo bobari ya bakuli inayoitwa ya inchi 3/8 huko Uingereza ni ileile inayoitwa ya inchi 1/2 huko Marekani, na kwa vyovyote fito yake ina kipenyo cha milimita 12 au 13. Njia salama ni kuuliza kipenyo cha fito kwa milimita na kuacha majina yote mengine. Kwa bakuli zenye upana wa hadi sentimita 30 hivi, fito hiyo ya milimita 12 au 13 ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Fito ya milimita 16 ni ya kazi kubwa na yenye kina, na sababu yake inaweza kuhesabiwa: ukakamavu wa fito ya mviringo hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo tukiacha mfuo pembeni, fito ya milimita 16 ni kakamavu zaidi ya mara tatu kuliko ya milimita 12. Kupinda nako huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu unaoning'inia mbele ya egemeo, maana yake ukiuzidisha urefu huo mara mbili, fito itapinda mara nane kwa nguvu ileile. Mkereza anayesikia bobari ikitetemeka ndani ya bakuli asikimbilie kununua iliyo nene. Kwanza alisogeze egemeo ndani ya bakuli, kwa kuwa milimita chache hapo humpa faida kubwa kuliko fito mpya.

Umbo la mfuo linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko jina la kiwanda. Mfuo wenye umbo la V ni mwembamba chini, hivyo ncha hutoka kali na nyembamba, ikifaa kazi ya urembo, lakini maranda mabichi huziba ndani yake na ncha hiyo ni ngumu kuisaga bila kuichongoa kupita kiasi. Mfuo wa U una sakafu pana na kuta zilizosimama. Hutoa maranda vizuri, na ni mzuri sana kwa bobari inayosagwa karibu wima kwa ajili ya sakafu ya bakuli. Kati ya hiyo miwili upo mfuo wa parabola, ambao kuta zake hufunguka taratibu kuelekea juu, na ndio ninaouona kuwa chaguo bora kwa bobari ya kwanza, kwa sababu husamehe makosa madogo ya kunoa: ncha na mabawa huungana kwa mkunjo mmoja bila kona katikati.

Kisha mnunuzi aigeuze bobari kuelekea kwenye mwanga na atazame ndani ya mfuo. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili hukutana, mshazari wa nje, yaani mteremko unaosagwa na jiwe, na ukuta wa mfuo wa ndani. Jiwe hugusa uso mmoja tu kati ya hizo mbili. Uso wa pili ni kazi ya kiwanda. Ikiwa ndani ya mfuo kuna mikwaruzo ya mashine iliyokingama, kila mkwaruzo utatokeza kwenye makali kama jino dogo, na hakuna kunoa kwa nje kutakakouondoa. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia katika bobari yoyote, hata kabla ya kuuliza aina ya chuma, na ni jambo linalotenganisha bobari nzuri na ile iliyotengenezwa kwa haraka kwa uhakika zaidi kuliko rangi ya mpini au nembo iliyochorwa juu yake. Aangalie vilevile kama mfuo umekaa katikati ya fito, kwani ukiwa umeegemea upande mmoja, bawa moja litakuwa nene na jingine jembamba daima.

Kuhusu chuma, bobari nyingi za leo zimeandikwa HSS, yaani chuma kilichobuniwa kwa ajili ya kukata kwa kasi kubwa. Ubora wake kwa mkereza hauko katika kasi hiyo bali katika ustahimilivu wa joto. Chuma cha zamani cha kaboni huanza kupoteza ugumu kikizidi joto la nyuzijoto 200 hivi, na rangi ya buluu inapotokea kwenye ncha wakati wa kunoa, sehemu hiyo imeharibika na haina budi kusagwa yote iondoke. HSS hustahimili hadi nyuzijoto 500 na zaidi, kwa hiyo buluu kidogo juu yake ni dalili ya kugandamiza mno, lakini si hukumu ya kifo. Kwa sababu hiyo hiyo HSS iliyopata moto haizamishwi ndani ya maji baridi. Mshtuko wa joto unaweza kuzaa nyufa ndogo kwenye makali. Iachwe ipoe yenyewe.

Ndani ya familia hiyo kuna madaraja. M2 ndiyo ya kawaida: ina wolframu karibu asilimia 6, molibdeni asilimia 5, kromi asilimia 4 na vanadi karibu asilimia 2, na ndiyo inayotumika katika bobari nyingi za viwanda vya Sheffield, mji wa Uingereza wenye historia ndefu ya visu na patasi, kikiwemo kiwanda cha Robert Sorby. M42 huongezewa kobalti ya asilimia 8, na makali yake hudumu zaidi. Carter and Son wa Marekani wameichagua kwa bobari zao. Juu yake kuna vyuma vya poda, ambavyo hutengenezwa kwa kurusha chuma kilichoyeyuka kiwe chembe ndogo na kisha kuzikandamiza kwa joto, ili madini magumu yasambae sawasawa. Mojawapo, 10V, inayotumiwa na Thompson, pia wa Marekani, ina vanadi ya karibu asilimia 10.

Je, tofauti hiyo inaonekana kazini? Inaonekana, hasa kwenye mbao kavu na ngumu, au zile zenye chembe za silika zinazokula makali, ambako bobari ya M2 hudai kurudishwa kwenye jiwe upesi na ile ya 10V huendelea kukata. Lakini kuna jambo ambalo matangazo huwa hayalisemi. Kabidi za vanadi, yaani chembe za vanadi na kaboni zilizomo ndani ya chuma hicho, ni ngumu kuliko chembe za oksidi ya aluminiamu, ambazo ndizo jiwe la kawaida la grenda. Bobari ya 10V husagika kwenye jiwe hilo, ila taratibu, na mtu asiye na subira huongeza mgandamizo, joto hupanda, na umbo hupotea. Chuma cha poda kinapata haki yake kwenye gurudumu la CBN, lenye chembe ngumu zaidi na nitakalolieleza hapa chini, na asiyekuwa na gurudumu hilo namshauri abaki na M2, ambayo hunoleka kwa urahisi na kwa wema juu ya jiwe lolote. Mnunuzi ajihadhari pia na bobari za bei ya chini zilizoandikwa HSS bila daraja lolote. Cheche zinaweza kumsaidia: HSS hutoa cheche chache za rangi nyekundu iliyofifia, na chuma cha kaboni hutoa cheche nyingi nyeupe zinazopasuka matawi.

Sasa jiwe. Grenda ya mawe ya milimita 200 inayozunguka kwa mizunguko 1,400 hadi 1,800 kwa dakika inatosha kabisa, na hata ile yenye kasi maradufu hutumika, mradi mkono uwe mwepesi. Mawe ya kijivu yanayokuja na grenda yalikusudiwa kusaga vyuma vya kawaida. Ni magumu, huziba, na huchoma makali. Yabadilishwe kwa mawe meupe ya oksidi ya aluminiamu, ya daraja la chembe 80 kwa kazi ya kila siku, yakikwanguliwa mara kwa mara kwa kifaa cha almasi ili yabaki bapa na yenye kukata. Kabla ya kulifunga, jiwe jipya ligongwe polepole kwa mpini wa mbao: jiwe zima hulia kwa sauti safi, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa na halifungwi. Miwani ya usalama si jambo la hiari.

Gurudumu la CBN ni la chuma au aluminiamu, limepakwa chembe za boroni naitraidi, kitu kinachoifuata almasi kwa ugumu. Almasi yenyewe haifai kwa kazi hii kwenye grenda ya kasi, kwa kuwa ni kaboni, na kwenye joto kaboni hiyo huingia ndani ya chuma, almasi ikaisha. Faida kubwa ya CBN ni kwamba kipenyo chake hakipungui. Jiwe la kawaida huanza na milimita 200 na kuendelea kupungua, na kila linapopungua pembe inayotolewa na kishikizo husogea kidogo. Gurudumu la CBN hutoa leo pembe iliyotoa mwaka jana. Halihitaji kukwanguliwa na halitoi vumbi la mawe. Sharti lake ni kwamba lisiguswe na aluminiamu, shaba wala chuma laini, ambavyo huziba uso wake. Kwa mtu anayekereza kila wiki naliona kuwa ununuzi wa maana kuliko bobari yoyote ya pili.

Tormek ya Uswidi hufuata njia nyingine: katika modeli ya T-8, jiwe la milimita 250 huzunguka ndani ya maji kwa mizunguko 90 tu kwa dakika, na gurudumu la ngozi husugua makali baadaye. Makali yake ni safi mno, joto halipo kabisa, na kwa bobari ya nguzo inayofanya kazi ya urembo sijaona kinachoishinda. Hata hivyo kubadilisha umbo la bobari nzima ya bakuli kwenye jiwe la maji ni kazi ndefu, na mkereza wa bakuli, anayehitaji kurudi kwenye jiwe mara nyingi katika kazi moja, atahisi uzito wa kila dakika. Mashine ya mkanda ya ProEdge kutoka Robert Sorby iko katikati: ni ya haraka, pembe zake hupangwa kwa vibao vyenye matundu, na mshazari wake hutoka bapa badala ya kubonyea.

Kishikizo ndicho moyo wa ununuzi wote huu. Mfumo wa Wolverine kutoka Oneway ya Kanada, pamoja na kishikizo chake cha Varigrind, ndio niliouelewa kwa undani, na muundo wake ni wa akili kwa sababu unategemea vipimo vitatu tu: urefu wa bobari uliotokeza mbele ya kishikizo, pembe ya mguu wa kishikizo, na umbali wa kikombe kinachoushika mguu huo kutoka kwenye jiwe. Ukivishika vitatu hivyo, umbo litajirudia. Urefu wa milimita 45 hupimwa kwa urahisi kwa kibao kilichotobolewa na kupigiliwa karibu na grenda. Umbali wa kikombe hupimwa kwa fimbo iliyokatwa kwa kila bobari na kuandikwa jina lake. Kisha mshazari upakwe wino mzito na jiwe lizungushwe kwa mkono mara moja: wino ukifutika kuanzia makali hadi kisigino, yaani mwisho wa nyuma wa mshazari, pembe ni ileile; ukifutika kisigino peke yake, kikombe kisogezwe. Kinachonipendeza katika mfumo huu ni kwamba hunyang'anya chuma kidogo sana kila mara, na bobari huishi muda mrefu. Udhaifu wake ni kwamba kishikizo kinaweza kutoa umbo baya kwa uaminifu uleule kinaotoa zuri, na mtu akishikilia ncha kwenye jiwe muda mrefu kuliko mabawa, makali yatabonyea kati ya ncha na bawa, mahali ambapo mti hupenda kunasa. Mabawa yapewe muda, ncha ipitiwe tu.

Pembe zenyewe hutokana na kazi. Bobari ya kuondolea kona husagwa digrii 45, ya nguzo kati ya digrii 30 na 40, na ile ya urembo mwembamba hushuka zaidi. Kwa bobari ya bakuli, digrii 55 hadi 60 na mabawa yaliyorudishwa nyuma, umbo lililoenezwa sana na mkereza wa Marekani David Ellsworth, ndizo ninazozipendekeza: ncha husukuma, mabawa huvuta, na bawa likiinamishwa hukwangua juujuu kabla ya msasa. Chini ya hapo makali huwa mepesi zaidi kukata, lakini ndani ya bakuli lenye kina mpini hugonga ukingo kabla mshazari haujaegemea sakafu. Kwa mabakuli hayo ya kina itafutwe bobari ya pili, ya mfuo wa U, iliyosagwa digrii 70 hivi, kwa ajili ya sakafu pekee. Kisigino cha bobari zote mbili kisagwe kidogo kiondoke, kwani ndicho kinachoacha mistari inayong'aa ndani ya bakuli, mistari ambayo watu wengi huidhania kuwa ni ya makali butu.

Makali butu yenyewe hujulikana kwa macho. Yakielekezwa kwenye taa, makali yaliyonolewa hayaakisi kitu. Mstari mweupe, hata mwembamba, ni uso uliochakaa. Mti nao husema: badala ya maranda marefu hutoka vumbi, nyuzi hunyofoka kwenye pande mbili za bakuli, na mkono huanza kusukuma. Hapo ni kurudi kwenye jiwe, bila kusubiri kumaliza upande uliobaki. Baada ya jiwe, bobari ya nguzo isuguliwe ndani ya mfuo kwa kinoo cha mviringo ili ukingo mwembamba wa chuma uliopindwa na jiwe uondoke. Bobari ya bakuli naitumia moja kwa moja kutoka kwenye grenda, maana mbao mbichi huuondoa ukingo huo mara moja.

Jambo la mwisho la kupima kabla ya kulipa ni urefu wa mfuo. Bobari huisha pale mfuo unapoisha, si pale chuma kinapoisha, na kati ya bobari mbili zenye urefu sawa wa nje moja inaweza kuwa na mfuo mfupi sana. Mpini wake uwe mrefu, sentimita 40 au zaidi kwa bobari ya bakuli ya milimita 12, na kama duka huuza fito bila mpini, mnunuzi achukue fito hiyo na kujikerezea mpini mwenyewe, kisha tofauti ya bei aipeleke kwenye jiwe.